Bunduki ya Upepo Iliyolala Kisarawe

Juzi Mwanahawa, binti wa jirani yangu hapa Mlandizi, alikuja na sanduku refu kichwani, akalitua barazani kwangu na kulifungua. Ndani mlikuwa na bunduki ya upepo ya marehemu babu yake, imevishwa ala ya ngozi, imelala humo tangu mzee afariki.

"Shikamoo babu. Hii itaamka?"

"Marahaba. Lete nione."

Nikaichomoa. Mtutu ulikuwa na kutu ya rangi ya matofali, na kutu yenyewe ilifuata mishono ya ala, mshono kwa mshono. Nikanusa tundu la nyuma. Harufu ya ngozi iliyokauka naijua hata mkinifunga macho. Nikamwambia itaamka, ila aende kwanza akawaite wenzake, maana sipendi kusimulia jambo mara mbili. Walikuja watatu, wakauliza yote kwa pamoja, wakaondoka nusu ya maswali hayajajibiwa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ninyi mmesoma, mimi shule niliiacha darasa la pili na chuo cha Kurani nilikiacha juzuu ya tatu, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, unyoosheni wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa shabaha. Si shabaha ya porini. Ni ile ya kwenye uwanja wa Idi: kibanda cha makuti, nyuma yake ubao wa makopo ya maziwa, mbele yake kamba, na bunduki moja ya upepo. Ukiangusha makopo matatu unaondoka na kioo, au kitana, au mche wa sabuni. Ukikosa, unaondoka na maneno ya watu.

Nilifika pale kwa kuzurura. Kabla sijamaliza miaka ishirini nilikuwa nimekata mkonge Kibaha, nimewabebea maji mafundi wa reli huko Ruvu, nimesukuma lori lililokwama nikageuzwa utingo wa lori hilo hilo. Kila mahali niliondoka siku ile niliyoielewa mashine yao inavyofanya kazi. Mama yangu alikuwa akisema nina kichwa cha fundi na miguu ya mbuzi. Sikukuu moja nikajikuta Kisarawe, nikalipia risasi tano, zote nikakosa. Wenzangu walipokosa walicheka wakaondoka. Mimi niliing'ang'ania bunduki.

"Kaka, humu ndani mna nini? Baruti sioni, moshi sioni."

"Mna upepo," alisema mwenye kibanda. Huyo ndiye Kaka Mwinshehe, mtu mfupi mwenye kifua kipana.

"Upepo umeingiaje?"

"Wewe unapiga au unaposa? Umeishika kama mshenga."

Watu wakaangua kicheko. Alasiri, uwanja ulipopungua, nilikuwa bado nimesimama pale pale. Kaka Mwinshehe akanitazama kwa muda, akamwambia mkewe, Bi Chausiku, aliyekuwa akifunga zawadi zilizobaki: "Mama, huyu hana kwao. Mpe chakula." Kesho yake akanifungulia bunduki juu ya mkeka. Nikaona nilichokuwa nikikitafuta, na kwa mara ya kwanza maishani nikaelewa mashine nisiondoke.

Sikilizeni vizuri hapa, maana mengine yote yanategemea hili. Ukiikunja bunduki ya upepo kwenye kiungo cha mtutu, ndiyo kuikoki, unasukuma nyuma springi nene. Ukifyatua, springi inairusha pistoni mbele ndani ya bomba, kama mchi ndani ya kinu chembamba. Hewa iliyo mbele yake inabanwa, haina pa kwenda, inaisukuma risasi. Kwenye kichwa cha pistoni kuna washa ya ngozi yenye umbo la kikombe kidogo cha kahawa. Hiyo ngozi ndiyo pumzi ya bunduki. Ikiwa laini na ina mafuta, inajaza bomba na hewa haipenyi. Ikikauka, hewa inapita pembeni na risasi inabaki pale pale. Mwenye baiskeli anajua: pampu iliyokaa mwaka bila kazi hupuliza mkono wako, haipulizi gurudumu.

Sasa hesabuni siku. Tulikuwa na Idi mbili, Maulidi, na labda ngoma moja kubwa baada ya mavuno. Siku nyingine zote tulilima mihogo na bunduki ililala. Kwa hiyo kazi yangu hasa haikuwa kupigisha watu shabaha. Ilikuwa kuilaza bunduki hadi siku yake, na hiyo ndiyo kazi niliyoiharibu mara nyingi.

Mara ya kwanza niliipaka mafuta ya nazi. Kwetu pwani mafuta ya nazi ni ya nywele, ya mtoto, ya bawaba, ya kila kitu, ningejuaje? Nikaijaza bomba zima kwa mapenzi. Baada ya miezi mitatu mafuta yaligeuka gundi yenye uvundo, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye kifyatulio. Siku ya Idi nikaifuta juu juu nikampa mteja wa kwanza, kijana mmoja maridadi mwenye kanzu mpya. Alipofyatua, yale mafuta yaliyobanwa yakawaka humo ndani. Mlio ulitoka kama wa gobore, moshi ukafuka, kijana akaitupa bunduki akaruka kamba.

"Mlisema ya upepo!" alipiga kelele. "Mlisema ya upepo!"

Kaka Mwinshehe hakunigombeza mbele za watu. Alininong'oneza tu: "Tone moja, Shomari. Nimekwambia tone, wewe umeiunga kama kisamvu." Tangu hapo najua: ndani tone moja au mawili, tena ya mafuta yasiyoganda; nje uifute kwa kitambaa chenye mafuta hadi chuma kionekane kimelowa lakini kidole kisiteleze.

Mara nyingine niliilaza ikiwa imekokiwa. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Niliikoki nikaitwa kula, nikasahau, nikaifunga kwenye kitambaa. Springi ikakaa imebanwa Ramadhani nzima. Idi ilipofika risasi zilikuwa zikitua miguuni pa makopo kama zimechoka safari. "Bunduki yenu imefunga saumu bila daku," mtani mmoja wa Kinyamwezi alituambia, na siku nzima hakutuachia. Tulibadilisha springi. Ninyi msifike huko: kabla ya kuilaza hakikisheni haina risasi, na springi imelegea. Ila msiifyatue tupu ili kuilegeza. Bila risasi pistoni haina cha kuizuia, inajigonga mwisho wa bomba na kujiumiza. Pigeni risasi ya mwisho kwenye mchanga, ndipo muilaze.

Halafu vikaja vita vya Hitla. Kaka Mwinshehe aliwahi kuendesha lori, na madereva walitakiwa. Asubuhi ya kuondoka alivua makubadhi yake mlangoni. "Watanipa buti huko," alisema. "Haya yatanisubiri." Akanigeukia. "Na ile isilale moja kwa moja. Nikirudi nataka niisikie."

Kibali cha bunduki kilikuwa kwa jina lake. Karani wa boma alituambia wazi: ikae nyumbani, isitoke uwanjani hadi mwenyewe arudi. Kibanda kikafa siku hiyo. Nyumbani tukabaki na bunduki, kopo lenye risasi tisa, na yale makubadhi mlangoni, ambayo Bi Chausiku aliyafagilia pembeni kila asubuhi bila kuyasogeza.

Mimi, mtu wa miguu ya mbuzi, nikabaki. Nililima na shemeji yangu huyo na kuilinda bunduki.

Bi Chausiku ndiye aliyeanzisha desturi ya risasi moja. Idi ya kwanza, niliporudi kuswali, alikuwa ameweka kopo la maziwa juu ya kigingi uani. "Piga moja," aliniambia. "Mwenyewe anaipenda sauti hii." Nikapiga. Pa! Kopo likalia, likaanguka. "Haya," alisema, "tule." Mwaka ule zilikuja barua mbili, karani akatusomea. Kisha zikakoma. Hatukusikia kwamba amekufa, hatukusikia kwamba yu hai. Basi neno lake la Idi likabadilika. Kopo likianguka alisema, "Inalia. Yupo." Mimi sikuamini kwamba bunduki ya Kisarawe inajua habari za mtu aliye ng'ambo. Lakini niliuona uso wake kabla sijafyatua, nikajua kwamba siku itakapokataa kulia, mwanamke yule atakaa eda moyoni mwake bila mtu kumwambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kazi yangu.

Mafuta ya dukani yalikuwa yameadimika. Bi Chausiku akasema, "Kwato zina mafuta, hayagandi hata kwenye baridi. Mama yangu alilainishia ngozi za ngoma." Idi Kubwa tulipata makongoro ya ng'ombe, yakachemka siku nzima. Nikasubiri supu iive vizuri, nikaengua mafuta ya juu, masafi kama asali, nikaifuta bunduki yote kwa furaha. Siku kumi baadaye mtutu ulikuwa na vipele vyekundu kama mtoto mwenye surua.

Bi Chausiku akalichukua kopo la mafuta, akalamba kidole. "Umeengua saa ngapi?"

"Ilipoiva."

"Na chumvi? Na ndimu?"

"Vilikuwemo."

"Shomari, umeipikia supu!" Alicheka hadi akakaa chini. "Mafuta yaenguliwe kabla sijatia chumvi, ewe mwanamume. Bunduki haili."

Kutu ile niliisugua kwa majivu laini na kitambaa, kidogo kidogo, siku mbili. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa chuma, na si ya supu peke yake. Jasho la vidole vyenu lina chumvi. Ukiishika bunduki kwa mkono mtupu halafu ukailaza, miezi mitatu baadaye utazikuta alama za vidole vyako, zimeandikwa kwa kutu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Mwaka uliofuata masika yalikuwa makali. Kuta za udongo zilitoa jasho. Bunduki nilikuwa nimeiweka juu ya vigingi viwili, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, na mdomo wa mtutu nimeufunga kitambaa chembamba, maana yule nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Pamoja na hayo yote, asubuhi moja nikakuta ukungu mweupe kwenye kitako. Nikawaza: ndani ya nyumba yetu, ni wapi palipo pakavu kuliko pote? Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu. Darini, juu ya jiko, tulipotundika mahindi ya mbegu na kunde. Moshi wa mafiga unapita hapo mwaka mzima. Mbegu haziozi, wadudu hawazigusi. Moshi ukitunza mbegu, utashindwaje kutunza bunduki? Nikaifunga kamba nikaitundika kati ya mahindi, nikajiona nimegundua jambo kubwa.

Ilikaa huko zaidi ya miezi mitatu. Siku kumi na mbili kabla ya Idi nikaishusha. Ilikuwa nyeusi kama tako la chungu, lakini chini ya masizi hapakuwa na kutu hata chembe. Nikafurahi. Bi Chausiku alikuwa shambani, nikasema niijaribu. Nikaikoki, nikatia risasi, nikalenga kopo.

Ilikohoa. Risasi ilitoka polepole, ikaanguka hatua nne mbele yangu, na kuku mmoja akaikimbilia akidhani ni punje. Nilimfukuza kuku kabla sijajifukuza mwenyewe.

Nilipoifungua nilikuta washa imepasuka pasuka kama tope la kando ya Ruvu wakati wa kiangazi. Joto la jiko lilikuwa limeinyonya mafuta yote. Chuma hupenda ukavu, ngozi hupenda unyevu wa mafuta, na bunduki ina vyote viwili. Mimi niliitunza nusu na kuiua nusu.

Sikumwambia. Nilimwambia naenda kutafuta mbegu ya mpunga, nikatembea hadi Maneromango kwa fundi viatu mmoja niliyemjua.

"Ngozi?" alisema bila kuinua macho. "Ngozi yote imevaa buti imekwenda vitani. Nina tairi."

"Nataka kipande kidogo tu, kama kisahani cha kahawa."

"Ndugu yangu, ningekuwa na ngozi ya kisahani, ningekuwa nimevaa mimi." Akaninyooshea miguu yake. Alikuwa amevaa katambuga za tairi, yeye fundi viatu.

Nikachukua tairi. Nikaikata, nikaichonga, ikakwama ndani ya bomba. Kuitoa tu kulinigharimu siku. Zikabaki siku nne. Asubuhi nikakaa mlangoni na kichwa changu mikononi, na macho yakaanguka kwenye makubadhi. Soli za ngozi ya ng'ombe, nene, zilizoshonwa vizuri. Nikaokota moja, nikalikunja. Ngozi ilikunjika bila kulia. Nikalirudisha haraka kama niliyeiba.

"Unalipima mguuni?" Bi Chausiku alikuwa nyuma yangu, na ndoo ya maji kichwani.

Nikamwambia yote. Aliitua ndoo.

"Imekufa lini?"

"Haijafa, shemeji. Imekauka."

"Nani kaikausha?"

"Mimi."

"Miezi mitatu napika chini yake, nawe unanitazama."

"Sikujua. Nilidhani inapona."

Akakaa kizingitini. "Hakuna ngozi nyingine?"

"Nimekwenda hadi Maneromango."

"Na ile mbegu ya mpunga?"

"Hapakuwa na mbegu."

Aliliokota kubadhi moja, akalifuta vumbi kwa pindo la kanga yake. "Akirudi akakuta halipo, atanigombeza mimi. Na asiporudi..." Akanipa. "Kata la kushoto. Mguu wa kushoto ndio wenye vidole vibaya."

Haya, shikeni namna ya kutengeneza. Nilikata duara pana kuliko bomba, nikaliloweka majini mchana kutwa hadi likawa laini kama sikio. Nilikuwa na kipande cha bomba la pampu kuukuu ya baiskeli, chembamba kidogo kuliko lile la bunduki. Nikaishindilia ngozi humo kwa kipande cha mpini wa jembe nilichokichonga, ikachukua umbo la kikombe. Nikaiacha ikauke kivulini. Si juani, na wala si jikoni. Nikapunguza kingo kwa wembe, kisha nikailoweka kwenye mafuta ya kwato yasiyo na chumvi, siku moja na nusu, hadi ikakataa kunywa zaidi. Nikaifunga kwenye pistoni asubuhi ya Idi, kabla ya swala. Sikuijaribu. Nilisema nabania risasi, lakini kweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Tuliporudi msikitini kopo lilikuwa juu ya kigingi. Bi Chausiku alisimama karibu na mlango wa jiko, mwiko mkononi. Nikaikoki. Springi ililia vizuri, lakini springi haikuwa shida. Nikalenga. Nikafyatua.

Pa!

Kopo liliruka hadi kwenye ua wa jirani.

Bi Chausiku hakusema inalia. Hakusema yupo. Alisema, "Haya, tule," akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu kuliko pilau ilivyohitaji.

Tangu hapo niliijua kazi. Niliiweka chumba cha kulala, mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje, imefungwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, bila ala wala sanduku, maana ala ya ngozi hunywa unyevu na kuukumbatiza chuma. Mwanahawa, ndiyo hiyo michoro ya kutu uliyoiona. Na kila mwezi ulipoandama niliitoa, nikaifuta, nikairudisha springi taratibu nusu ya njia huku nimeushika mtutu, kisha nikauachia polepole, ili ngozi itembee ndani ya bomba na isisahau. Tone moja kila baada ya miezi michache. Kazi hiyo haimalizi hata muda wa kikombe cha kahawa.

Vita viliisha, na mwenyewe hakuonekana. Ikapita Idi nyingine. Kisha alasiri moja lori liliteremsha mtu barabarani, amevaa koti la jeshi kwenye joto lile, buti zake zimening'inia shingoni kwa kamba, anachechemea kwa malengelenge. Kabla ya salamu, kabla ya chochote, aliangalia mlangoni.

"Lingine liko wapi?"

Bi Chausiku alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. "Liko kwenye bunduki," alisema.

"Kubadhi liko kwenye bunduki?"

"Muulize huyo fundi wako wa moshi."

Alituangalia kama watu walioingiwa na wazimu. Nikamletea bunduki na kopo. Risasi ilikuwa imebaki moja. Kaka Mwinshehe aliinusa, akaikoki, akasikiliza, akalenga kopo la maziwa juu ya kigingi kama alivyowafundisha watu wengi kulenga. Pa!

Kopo lilibaki limesimama.

"Miaka yote hiyo vitani," Bi Chausiku alisema, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, "ulikuwa ukipiga hivyo hivyo?"

Lakini yeye hakuwa akilitazama kopo. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye bomba. "Pumzi ipo," aliniambia. "Umeitunza." Sikumwambia habari za darini hadi mwaka mwingine.

Tulifungua kibanda tena, tukapigisha shabaha Idi nyingi, Kisarawe na mara nyingine Kibaha na hapa Mlandizi. Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki, na bunduki Kaka aliniachia mimi. Washa ile ya kushoto ilidumu miaka mingi. Ilipochoka nilikata nyingine kwenye soli ya kulia, kisha nyingine.

Ya babu yake Mwanahawa tumeifungua jana. Bomba ni zima, springi inafaa, washa imepasuka. Ngozi nzuri ya ng'ombe haipatikani dukani, kwa hiyo nimempa kipande cha mwisho cha lile kubadhi la kulia, cha kisigino, nilichokuwa nimekifunga kwenye karatasi yenye mafuta. Alikigeuza geuza akaniambia kimeliwa upande mmoja. Ndivyo alivyotembea Kaka Mwinshehe, ameegemea nje.

Nikamwambia akate upande ule mnene.